Walinzi wa Waliofumba Macho

Mlango wa Nyuma, Ghala la Mbao
Jumatatu, 4 Machi

Kwako Mlinzi wa Mlango wa Mbele,

Mwalimu amekataza maneno wakati wenzetu wanapumua, ndiyo maana nakuandikia. La sivyo ningekuambia usoni, tena kwa sauti ya kusikika mpaka darajani: acha kunikodolea macho!

Najua umewekwa hapo kuwalinda watu wako wa Upande wa Juu. Nami nimewekwa hapa kuwalinda wangu wa Upande wa Chini. Tusingekuwa hapa wote wawili kama mwalimu wetu wa pumzi, mgeni maskini, hangekipiga kile kikengele chake cha shaba siku ya kwanza ili watu watulie. Watulie! Ghala zima lilitoka mbio, wengine kwa dirisha. Nani angemwambia kwamba katika mji huu, wakati wa vurugu, kengele ilikuwa ya kusema "wanakuja"? Mimi nilijikuta kwenye mtaro nimebeba kiatu cha mtu, na mpaka leo sijampata mwenyewe.

Akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na watu wakakubali kurudi kwa sharti moja. Hakuna wa kufumba macho mbele ya wale wengine mpaka kila upande uwe na mtu wake wa kukaa macho. Mlinzi wa upande mmoja akikosekana, au akisinzia, upande wake unanyanyuka na mikeka yake na darasa limekufa. Mimi nataka darasa hili liishi, maana mume wangu amerudi kula na kucheka tangu aanze kuja. Kwa hiyo linda, bwana. Lakini mlinzi hutazama milango na madirisha, hatazami mke wa mtu anavyojikuna shingo.

Barua naiacha chini ya kikombe cha bati, pale kwenye ndoo ya maji katikati ya ghala. Kama hujui kusoma, basi angalau jua kugeuza shingo.

Ni mimi,
Mama Sindano, mshonaji

*

Mlango wa Mbele
Jumatatu hiyo hiyo

Mama Sindano,

Kusoma najua. Nimesoma vibao vya barabarani tangu ndevu zangu hazijaota, na kama ningekuwa sijui nisingefika uzee huu. Naitwa Breki. Niliendesha lori maisha yangu yote na sikuwahi kugonga hata kuku, ndiyo asili ya jina.

Kwanza, sikukodolei. Macho hayana pazia, na wewe umekaa kwenye mlango ninaotakiwa kuutazama. Nikutoboe nione nyuma yako? Pili, ni huo mkoba wako. Kila mara unatia mkono ndani na kitu kinametameta. Kama ni kisu sema, nijue naandikiana na mtu wa aina gani.

Tatu, usinisomee sheria kabla hujawatazama wa kwenu. Yule muuza mkaa amefumba jicho moja tu, jingine liko wazi kama la kuku wa kuiba. Mwalimu kasema "fumbeni macho". Hakusema jicho.

Breki

*

Mlango wa Nyuma
Alhamisi, 7 Machi

Bwana Breki,

Kinachometameta ni mkasi. Mshonaji bila mkasi ni nani? Ulitaka nikae hapa mikono mitupu nikiwatazama watu wazima wakipumua? Napinda suruali za watu, nazikata nyuzi, basi.

Haya, sasa tuje kwako. Hicho chuma ulichokificha chini ya benchi ni cha nini? Nimekiona ulipoinama kufunga kamba za viatu. Ni spana ya tairi ile. Niambie, humu ghalani umeona tairi lipi limepasuka?

Na kwa kuwa umemtaja muuza mkaa wetu, na yule mama mnene wa kitambaa cha njano upande wenu je? Amejifunika uso kwa mikono kama mtu anayesali, kumbe anachungulia katikati ya vidole. Kila nikimtazama, kidole kinafungwa. Hodari sana yule.

Nina wazo. Mimi na wewe tusimame wakati mmoja, twende mpaka kwa mwalimu, tumwachie mkasi na spana. Wakati mmoja, nimesema. Sikuzaliwa jana.

Mama Sindano

*

Mlango wa Mbele
Jumatatu, 11 Machi

Mama Sindano,

Yule mama mnene wa kitambaa cha njano ni mke wangu. Nimemwonyesha barua yako. Kacheka mpaka akakaa chini, halafu akasema mwenye kuyaona hayo ana macho mazuri, tumwache alinde.

Kweli mambo ya Alhamisi yalinichekesha na mimi. Tulivyokwenda pale mbele kwa hatua za maharusi, kila mmoja anamtazama mwenzake asije akamtangulia, na mwalimu akapokea mkasi na spana akadhani ni michango yetu kwa darasa! "Asanteni sana wazazi wangu, tutavitumia." Atavitumia kufanyia nini, Mungu ndiye ajuaye.

Lakini leo mmetuchokoza. Mwalimu kasema "vuta pumzi, ishikilie kidogo, iachie." Kidogo! Fundi viatu wetu akashikilia. Muuza mkaa wenu akafumbua lile jicho lake, akaona fundi viatu bado hajaachia, naye akashikilia. Hapo wakaanza kushindana wote, Juu na Chini, mashavu yamevimba kama vibofu, mwalimu anasema "iachieni jamani, iachieni", hakuna wa kumsikiliza. Hakuna aliyetaka upande wake uonekane una kifua kidogo. Nilipomwona muuza mkaa anaegemea nguzo, nikajua gari limekwisha mafuta.

Hata hivyo andika: wa kwetu alishikilia zaidi.

Breki

*

Mlango wa Nyuma
Alhamisi, 14 Machi

Mzee Breki,

Ni uongo mtupu. Wa kwetu alizimia, ndiyo, lakini alizimia akiwa bado ameshikilia. Hiyo kwetu ni ushindi. Tulimbeba mpaka nyumbani, njia nzima anauliza, "Yule mwingine aliachia lini?"

Mwalimu alitaka kulia. Leo amekuja na mbinu mpya: hakuna tena kushikilia, ni kuingiza na kutoa tu, na kila mtu aifuate pumzi yake inavyopita puani. Mwalimu wenu mstaafu wa hesabu akauliza, "Naifuata mpaka wapi?" Akajibiwa, "Mpaka itakapoishia, mzee, kisha unangoja nyingine." Sikiliza, jibu lile limenikaa. Nimeshona huku nalirudiarudia.

Tena umeona? Leo muuza mkaa amefumba yote mawili. Si kwa muda mrefu, lakini amefumba. Nimefurahi kama mtoto wangu kapiga hatua ya kwanza.

Sasa nikuulize jambo, na usinidanganye maana mimi nawapima watu mabega kila siku. Wakati mwalimu anasema "ingiza", mabega yako yalipanda. Aliposema "toa", yakashuka. Mlinzi mzima, na wewe unapumua kisirisiri?

Mama Sindano

*

Mlango wa Mbele
Jumatatu, 18 Machi

Mama Sindano,

Kila mtu anapumua. Hata nguzo za ghala hili zingekuwa na pua zingepumua. Usinitafutie maneno.

Mimi si mgonjwa wa darasa hili. Nilijitolea kulinda, sikujitolea kukaa mkekani nikaambiwa nitafute utulivu. Utulivu wangu ulikuwa na magurudumu kumi, ulikuwa na kiti chenye alama ya mgongo wangu, na ulichomwa moto pale darajani huku nauona kwa macho yangu haya. Nilikimbia kwa miguu, mimi, dereva. Watu waliouchoma walitoka upande wako. Pengine wengine wamekaa hapo kwenye mikeka sasa hivi, wanafuata pumzi zao, na mimi nimewekwa niwatazame wakistarehe.

Kwa hiyo usiniulize habari za mabega.

Breki

*

Mlango wa Nyuma
Jumatatu, 18 Machi

Bwana Breki,

Duka langu lilikuwa na cherehani mbili na kioo kirefu cha wateja. Wa upande wako hawakuacha hata kitasa. Nayo hayo si kitu. Mdogo wangu wa mwisho alikwenda kunizimia moto, hakurudi. Nilimshonea sanda kwa mkono kwa sababu cherehani hazikuwepo.

Lori lako lilikuwa chuma. Sina la kukuandikia tena.

Mshonaji

*

Mlango wa Mbele
Alhamisi, 28 Machi

Mama Sindano,

Nimekwenda kwenye ndoo ya maji mara nyingi sana tangu ile Jumatatu. Mwalimu ameshaniuliza kama nina sukari. Nanyanyua kikombe, chini yake hakuna kitu, nakunywa maji nisiyoyataka, narudi.

Sikujua habari za mdogo wako. Najua kutojua si sababu. Ningeuliza kwanza ndipo nipige kelele, badala yake niliyafungulia maneno kama gari lisilo na breki, na jina langu mwenyewe linanisuta. Pole, dada. Pole sana. Mke wangu nilimwambia nilichokuandikia, akaniwekea chakula mezani, akageuka. Bora angenitukana.

Sina cha kukupa. Kile nilichosema kuhusu lori ni kweli, niliumia na bado naumia, lakini si kitu cha kuweka kwenye mizani na mtu. Nimekwenda kwa mwalimu nikamwambia nikikosea tena ahamishe kiti changu nje.

Sikudai unijibu. Ila suruali unazipinda vibaya siku hizi, naona hata kutoka huku. Unachoma sindano kwa hasira.

Breki

*

Mlango wa Nyuma
Alhamisi, 4 Aprili

Mzee Breki,

Nilikuwa nimeshakuandalia jibu, tena zuri, la kukusamehe kwa heshima zote na kukusema kidogo kuhusu suruali. Lakini limetokea jambo leo, na jibu lile nimelichana.

Umelala.

Usijifanye unakagua dari, nakuona sasa hivi umeamka na unafuta mdomo. Umelala, mzee! Mwalimu alipoanza ile "ingiza, toa" ya polepole, mabega yakaanza kazi yake, kichwa kikaenda mbele, kikarudi, kikaenda, hakikurudi tena. Mlango wa mbele ukabaki na mtu aliyelala kama pono.

Niliwaangalia watu wako, wote macho yamefumbwa, nikasema mmoja tu akifumbua akamwona mlinzi wao hivi, tumekwisha. Watanyanyuka wasirudi. Mume wangu atarudi kukaa gizani na kuguna. Nikavua viatu, nikapita pembeni kwa vidole vya miguu, nikaja kusimama hapo nyuma yako. Nimelinda mlango wako kwa jicho hili na wangu kwa lile. Ulipoanza kukoroma nikakohoa. Ukakoroma tena, nikakohoa zaidi. Sasa koo linaniwasha na mwalimu ananionea huruma, amesema nina vumbi la mbao kifuani.

Kwa hiyo uwe na amani, hakuna aliyejua. Nimekuficha vizuri.

Lakini niambie ukweli. Usingizi ule haukuwa wa mtu aliyechoka siku moja.

Mama Sindano

*

Mlango wa Mbele
Jumatatu, 8 Aprili

Mama Sindano,

Barua yako imenitoa jasho. Kwa nini hukunipiga teke? Kwa nini hukupiga kelele uwaambie, "Tazameni mlinzi wenu"? Ulikuwa umesimama nyuma yangu, mimi shingo nje, na nakujua una sababu zote. Nimeyawaza hayo tangu Alhamisi.

Umeuliza ukweli, chukua. Tangu lile lori lichomwe sijalala kitandani. Nakaa kwenye kiti, nimeuelekea mlango, naupata usingizi wa kuibia kama mwizi wa mahindi, kisha nashtuka. Walipotafuta mlinzi niliinua mkono wa kwanza, wakanisifu, "Breki jasiri!" Ujasiri gani? Niliinua kwa sababu nilijua nikiambiwa nifumbe macho mbele ya watu nitashindwa, na nitaaibika. Nikaona heri niwe yule anayetakiwa kutofumba.

Na sasa nimelala kazini. Wakijua watasema nimewauza. Wameanza kupata nafuu, mama. Fundi viatu ameanza kupiga mluzi akigonga visigino. Mke wangu hachungulii tena katikati ya vidole. Siwezi kuwa sababu ya haya kuharibika. Jumatano nitawaita watu wangu niwaeleze wenyewe, niachie kiti hiki. Watachagua mwingine. Heri nilitumbue jipu mwenyewe kuliko mtu aje kulitumbua.

Asante kwa kukohoa.

Breki

*

Mlango wa Nyuma
Jumatatu, 8 Aprili

Kaka Breki,

Usithubutu!

Nakuandikia haraka kabla hujatoka. Unajua watamchagua nani? Yule dereva wa trekta mwenye shingo nene, anayetutazama sisi wa Chini kama tumemwibia ng'ombe. Atakuja na spana mbili. Nami nitadai mkasi wangu. Kisha muuza mkaa atarudi kwenye jicho moja, na mwalimu atafunga virago. Yote hayo kwa sababu mzee mmoja ana kiherehere cha kusema ukweli!

Umeuliza kwa nini sikukupiga teke. Sikiliza, hata mimi nilishangaa. Nilipofika nyuma yako nilimkumbuka mdogo wangu, sikufichi, na uchungu ukanipanda. Halafu nikaona kola yako. Mtu ameishona kwa uzi wa rangi nyingine, vibaya sana, bila shaka wewe mwenyewe. Nikawaza, huyu naye ni baba wa watu, anahangaika na sindano. Basi, uchungu haukuisha, lakini ulikaa pembeni ukanipisha nifanye kazi.

Na ukweli wako si wako peke yako. Unafikiri mimi nashona mapindo yote yale kwa kupenda? Mikono ikisimama, picha zinakuja. Siku ile watu wangu walipouliza nani atakaa macho, na mimi niliinua mkono wa kwanza.

Rudi Alhamisi. Kaa kwenye kiti chako, ulale ukitaka. Mimi nitakohoa.

Mama Sindano

*

Mlango wa Mbele
Alhamisi, 11 Aprili

Dada yangu,

Niliwaita jana. Nisamehe, sikuweza kunyamaza. Nilivua kofia, nikasimama mbele yao pale uani kwangu, nikasema, "Jamaa zangu, Alhamisi ile nililala. Mliniamini, na mimi nikalala."

Fundi viatu akamtazama mwalimu wa hesabu, mwalimu wa hesabu akamtazama mke wangu. Mke wangu akainamisha kichwa. Nikasema moyoni, ndiyo basi, nimemwaibisha hata mama watoto. Kumbe anazuia kicheko! Kikamshinda, kikatoka kama maji ya bomba lililopasuka, na wote wakafuata. Dereva wa trekta, huyo huyo shingo nene, akawa anafuta machozi.

Walijua, dada! Wote walijua. Umesahau nilikuwa dereva wa masafa marefu. Nilikuwa nikilala garini vijijini watu wakidhani injini haijazimwa. Mke wangu akasema, "Nimeolewa na mkoromo huo tangu ujana wangu, utaniambia sikuusikia?" Walinisikia kuanzia ule wa kwanza. Na wakakusikia wewe unakohoa, vibaya sana, mke wangu anasema hajasikia kikohozi cha uongo kama kile.

Nikawauliza, "Sasa kwa nini hamkufumbua macho?"

Hapo vicheko vikapungua. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyejibu. Alisema aliposikia nakoroma, alipiga hesabu: mlinzi wetu amelala, aliyebaki macho ni yule mama wa Chini peke yake. Akasubiri hofu ije. Akavuta pumzi, akaifuata mpaka ilipoishia, akangoja nyingine. Hofu ikachelewa. Akasikia hatua zako zinakuja kwa vidole mpaka mlangoni kwetu, akasikia umesimama. Akasema, "Nikaona nimalize tu zoezi langu." Na fundi viatu vivyo hivyo. Na mke wangu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeamua kubaki amefumba.

Wamesema nikae kwenye kiti changu. Dereva wa trekta amesema, "Na yule mama mwambieni apunguze kukohoa, anatutoa kwenye utulivu."

Breki

*

Mlango wa Nyuma
Alhamisi, 11 Aprili

Kaka,

Nimesoma nikacheka, nikalia, nikajichoma kidole, damu imeingia kwenye suruali ya mteja. Kikohozi cha uongo? Nilijitahidi sana mimi!

Walijua, na wakabaki wamefumba. Mbele yangu. Ninalirudia hili neno kichwani na bado sijalizoea. Kumbe nilisimama pale nikidhani nawaficha usingizi wako, kumbe wao ndio walionikabidhi ulinzi wao.

Basi na mimi niseme langu, maana nikisubiri mpaka Jumatatu nitaliona aibu. Nimechoka, kaka. Nimechoka kukaa macho. Nilipokuona umelala siku ile, pamoja na hofu yote, kilichonishika zaidi ni wivu. Nawaona watu wameketi nyuso zimelegea, mume wangu miongoni mwao, na mimi niko hapa nabana uzi kwa meno.

Kesho nitawaambia watu wangu kwamba Jumatatu nataka kukaa mkekani. Watauliza nani atatulinda. Nitawajibu ni wewe, na liwalo na liwe.

Sijui kama nitaweza. Pengine nitafumbua mara moja. Ukiniona nimefumbua, usinicheke.

Dada yako,
Mama Sindano

*

Katikati ya ghala, karibu na ndoo
Jumatatu, 15 Aprili

Dada,

Nakuandikia huku umelala, na hii nitaiweka chini ya kikombe kama kawaida ili ukiamka uijue habari yote, maana naona watu watakutilia chumvi.

Nimeuacha mlango wa mbele, nimeleta kiti changu hapa kati ili niione milango yote miwili. Watu wako walipoingia wakanikuta hapa, walisimama kwanza. Muuza mkaa akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Nikasema kwa sauti, ingawa mwalimu amekataza, "Karibuni, leo nawalinda nyote." Muuza mkaa akavua viatu akaketi. Wengine wakamfuata.

Ulifumbua macho, nakwambia ukweli. Ulifumbua ukanitazama, nami nikakutazama, nikakuonyesha mikono yangu mitupu. Ukafumba. Ukafumbua tena. Mumeo akasogea akakuachia bega. Mwalimu akasema "ingiza, toa" kwa ile sauti yake, na mimi nikiwa macho wazi nilipumua na wewe, pumzi kwa pumzi, kama vile napandisha mlima na gari la mwenzangu limefungwa nyuma. Kisha kichwa chako kikalala begani, mdomo ukafunguka. Machozi yalinitoka. Nimemwambia mwalimu ni vumbi la mbao.

Sasa nikupe habari uliyoikosa. Darasa limekwisha zamani. Mwalimu alisema "fumbueni taratibu," watu wakafumbua, wakajinyoosha, wakataka kunyanyuka. Fundi viatu alikuwa ameshaokota ndara zake. Mke wangu akaweka kidole mdomoni, akakuelekezea kidevu. Fundi viatu akaziweka ndara chini polepole kama mayai. Akarudi mkekani. Hakuna aliyeondoka, dada. Wa Juu na wa Chini, wamekaa kimya wote, wengine wamefumba tena, wanakungoja umalize usingizi. Dereva wa trekta ana ng'ombe wa kukamua na hajanyanyuka. Muuza mkaa alipiga chafya akaizibia kwenye shati lake, macho yakamtoka, lakini hukusikia.

Mumeo ganzi imemshika bega, naiona kwa sura yake. Nimemuuliza kwa ishara kama tukuamshe. Amekataa.

Jua limefika kwenye dirisha la nyuma. Hapa hakuna anayekuja, nimetazama. Lala, dada yangu. Niko macho.

Kaka yako,
Breki